Sikio Lililoning'inia Ubavuni mwa Mashua

Siku mliyoniaga karakana, mmoja wenu aliniuliza tulikuwa tukifungaje mtambo wa kutafutia samaki zamani, kabla ya gundi hizi za siku hizi. Nilimjibu kwa kifupi, maana soda zilikuwa zinapata joto na hotuba bado zilikuwa nyingi. Jibu refu ndilo hili. Mambo ya vyeo nitayaruka. Wengi wenu mliyaona, na ambaye hakuyaona hakukosa kitu.

Useremala nilijifunzia Mufindi, kwenye shamba la chai, nikitengeneza milango, mageti na masanduku ya kupakia majani. Mpaka ndevu zinaniota sikuwa nimeona maji mengi kuliko bwawa la kunyweshea ng'ombe. Miaka ya hamsini ilipofika katikati nikapata kazi karakana ya serikali Mbeya, na kabla sijajua vizuri choo chake kiko upande gani nikaambiwa nipande lori la kwenda Mwaya, huko Ziwa Nyasa. Kulikuwa na fundi wa mashua aliyehitaji msaidizi anayejua kutumia randa. Nilidhani ni kazi ya wiki chache, hata blanketi sikubeba.

Tulishuka Tukuyu kwenye mvua, tukapita migomba mpaka joto likatupokea. Tulipolifikia ziwa nilimuuliza dereva ng'ambo iko wapi. Akasema ng'ambo ipo, ila leo haionekani. Nikashuka na kisanduku changu cha zana, nikiwa nimevaa sweta la Mufindi, na watu wa pale wakacheka kwa heshima.

Fundi aliyenipokea aliitwa Anyosisye. Alikuwa Mnyakyusa wa makamo, mfupi, mwenye viganja vipana kama makasia, na maneno yake yalikuwa machache. Aliitazama randa yangu, akapitisha kidole kwenye makali yake, akanirudishia, nikajua imepita. Kisha akaniambia niingie kwenye mashua iliyofungwa pale ufukweni, nilale kifudifudi, niweke sikio kwenye mbao na nimwambie maji yanagonga wapi. Nililala pale mpaka mgongo ukaungua. Nilipoinuka nikamwambia yanagonga zaidi karibu na ubavu wa kushoto, mbele kidogo ya katikati. Akaniambia sasa nimeanza kazi. Nilimwamkia kwa heshima zote za Kibena, naye tangu siku hiyo akaniita Mbena, na ufukwe wote ukafuata. Jina langu la ubatizo halikupata kazi Mwaya.

Kibanda chake cha kazi kilikuwa cha makuti na nguzo, wazi pande zote. Zana zilining'inia kwenye nguzo: tezo, patasi, misumeno, nyundo za mbao. Zote ziling'aa kwa kushikwa isipokuwa keekee, ile ya kuzungusha kwa mkono, ambayo ilikuwa imeota kutu. Katika juma langu la kwanza, kwa bidii ya mgeni, niliisugua na kuipaka mafuta. Fundi alipoiona aliishika muda mrefu, akairudisha kwenye nguzo, akasema taratibu kwamba juu ya mstari wa maji naweza kutoboa nitakavyo, chini ya mstari wa maji hapana. Nikaitikia. Nilidhani ni mambo ya mafundi wazee, kila mmoja ana mwiko wake.

Ndipo akaja mtafiti wa samaki, Mwingereza mrefu mwenye magoti mekundu, ambaye watu walimwita Bwana Karatasi. Alitumwa kuchunguza kama katikati ya ziwa kuna samaki wa kutosha kuvuliwa kwa nyavu kubwa. Alikuja na sanduku la chuma ambalo ndani yake karatasi ilijiviringisha polepole, na sindano ikawa inaichoma kwa umeme na kuacha alama nyeusi, huku ikitoa harufu ya nywele zilizoungua. Kutoka kwenye sanduku ulitoka waya mnene, na mwisho wa waya kulikuwa na kitu cha mviringo, kizito, ukubwa wa mkate. Hicho ndicho kilichotuma mlio chini na kuusikiliza ukirudi. Sisi tulikiita sikio. Kitabu cha mtambo kilisema sikio liwekwe kwenye tundu chini ya mashua.

Mashua aliyoikodi ilikuwa ya Bi Zuhura, mjane wa mfanyabiashara, aliyekuwa na duka Mbeya na mashua hiyo moja ya kusafirishia mchele na vyungu. Alikubali kukodisha kwa sharti moja, nalo alilituma kwa dereva wa lori, akarudia tena kwa dereva mwingine asije wa kwanza akasahau: mashua yake isitobolewe. Bwana Karatasi alipomweleza Fundi habari ya tundu, Fundi alisema hatatoboa. Niliogopa kutakuwa na maneno. Lakini Bwana Karatasi hakuwa mtu wa makuu. Alikaa juu ya gogo, akavua kofia, akasema yeye hana haja na tundu, ana haja na sikio lililokaa kwenye maji safi yasiyo na povu, na kama tunaweza kumpa hilo atashukuru. Basi tukaanza.

Usiku huohuo, wakati wa kula, mke wa Fundi ndiye aliyenieleza, mumewe akiwa ameenda kuoga. Mume wa Bi Zuhura, Bwana Athumani, alikuwa na mashua mbili, zote kazi ya mkono wa Fundi. Moja aliinunulia mashine ya kukaa ndani, na Fundi akaitobolea mkuku, yaani ule mti wa chini unaobeba mashua nzima, ili chuma cha kuzungusha pangaboi kipite. Ilifanya kazi vizuri. Kisha siku moja ikatoka Ikombe na mzigo wa vyungu vya Wakisi, wafinyanzi wa huko, Bwana Athumani ndani yake pamoja na mabaharia wake, na haikufika. Vyungu vitupu ndivyo vilivyofika, vikielea midomo juu, vikatua mchangani Matema kimoja kimoja. Mtu hakuonekana hata mmoja. Upepo ulikuwepo siku ile, alisema mke wa Fundi, lakini ulikuwa upepo wa kawaida. Tangu hapo mumewe hajashika keekee, na tangu hapo yeye na Bi Zuhura hawajaonana uso kwa uso. Mashua iliyobaki ilisimamiwa na nahodha.

Nilimaliza wali wangu. Kesho yake nilipoiona ile keekee nilitamani niirudishie kutu yake.

Sasa niwaeleze kazi, maana ndiyo mliyoiuliza. Kwanza tuliweka sikio ndani ya mashua, tukalibana kwenye ubao wa chini na grisi katikati. Kwenye chuma chembamba lingeweza kusikia, alisema Bwana Karatasi, lakini mbao zetu za mvule zilikuwa nene na ziliumeza mlio wote. Karatasi ikatoka nyeusi tupu. Pili tulilifunga kwenye mwanzi na kuushusha ubavuni. Mashua iliposimama tuliona chini vizuri, ilipoenda mwanzi ukatetemeka na karatasi ikawa kama imekanyagwa na kuku. Tatu tulilipeleka nyuma, karibu na mashine. Huko pangaboi lilikuwa linachemsha maji, na sikio halisikii kitu ndani ya povu.

Ni ile mashine ya nyuma iliyonipa wazo. Ilikuwa mashine ndogo ya kuning'iniza, nayo haikutobolewa popote. Ilijishika kwenye ubao wa nyuma kwa kabari na skrubu mbili za kukaza kwa mkono. Nikamwambia Fundi, kama mashine yenye nguvu hivi inashikwa hivi, sikio litashindwaje? Akaizunguka mashine, akaikaza na kuilegeza, akaikaza tena. Kisha akaenda kuchagua mbao.

Tulitengeneza kibano cha mbao mbili zinazokumbatia ukingo wa mashua, moja nje na moja ndani, zikakazwa kwa bolti zinazopita juu ya ukingo wala haziugusi mwili wa mashua. Upande unaogusa tuliweka ngozi ya ng'ombe, na juu ya ngozi kipande cha tubu ya lori, ili kishike bila kuumiza. Kwenye kibano tukapitisha bomba la chuma la maji, na chini yake sikio. Bomba lilishuka hadi sikio likawa chini kuliko tumbo la mashua, kwenye maji ambayo mashua haijayavuruga. Mahali tulipochagua ni pale ubavu wa kushoto, mbele kidogo ya katikati. Kisha tukalifunga kwa kamba mbili, moja ikivuta mbele na nyingine nyuma, zikiwa zimekaza sawasawa, kwa sababu bomba lisipovutwa pande zote mbili litatetemeka hata ukilifunga kwa minyororo. Fundi alichonga gogo dogo umbo la samaki, upande mnene ukiangalia mbele, akalivika bomba ili maji yapite bila kutoa povu. Watu huwa wanaweka upande mwembamba mbele. Wakosoe kwa upole, ni kosa la kawaida.

Mwisho tukaweka bawaba juu, ili ukikaribia mchanga ulilaze bomba kabla halijagonga. Waya wa sikio tuliupitisha upande wake peke yake, mbali na mashine, la sivyo karatasi hujaa madoadoa na mtu akadhani ni samaki. Bwana Karatasi alishasherehekea madoadoa hayo siku moja, akatuambia tutupe nyavu, tukavuta maji.

Siku mtambo ulipokubali tulikuwa mbali kidogo na mdomo wa mto. Mstari mweusi ulijichora ukishuka na kupanda kama vilima vya kwetu, na juu ya mstari yakatokea mawingu madogo. Tukashusha nyavu, zikaja nzito. Bwana Karatasi alitushika mikono sisi wote, akamshika Fundi mara ya pili. Fundi hakuwa akiwatazama samaki. Aliutazama ule mstari wa chini, na kidole chake kikawa kinaufuata kwenye karatasi bila kuigusa.

Habari zikafika Mbeya. Kabla ya masika Bi Zuhura akashuka mwenyewe, ameketi mbele kwenye lori, amevaa kanga nyeusi juu ya gauni na viatu vya kufunga. Nilitegemea mwanamke mzee. Hakuwa mzee, alikuwa tu amejikaza. Mashua ilikuwa imevutwa mchangani. Alivua viatu, akaizunguka, akapitisha kiganja chini ya tumbo lake kuanzia mbele hadi nyuma, polepole, kama mtu anayemkagua mtoto aliyeanguka. Alipomaliza akasema, "Ahsanteni. Ni nzima." Fundi alikuwa amesimama ndani ya kibanda, nyuma ya nguzo, akinoa patasi ambayo ilikuwa imekwisha kunolewa.

Bi Zuhura akataka kuelezwa mtambo unafanya nini. Bwana Karatasi alimweleza kwa Kiswahili chake kilichonyooka, kwamba unaonyesha samaki na unaonyesha chini. Akauliza kama chini ya mahali popote. Akajibiwa popote ambapo sauti yake inaweza kufika na kurudi. Bi Zuhura akasema anaomba apelekwe Matema, kwenye maji yaliyo kati ya pale na Ikombe. Hakueleza sababu, na Bwana Karatasi, ambaye nadhani naye alikuwa ameambiwa na mke wa Fundi, hakuuliza. Alisema tu kwamba safari ya mbali inahitaji fundi wa kuangalia kibano. Akanitazama mimi. Kabla sijajibu Fundi alitoka nyuma ya nguzo na kusema atakwenda yeye. Nikasema na mimi nitakwenda.

Tuliondoka asubuhi ziwa likiwa limetulia. Mbali upande wa kusini wadudu wa kungu walikuwa wamepanda juu ya maji kama moshi wa shamba linalochomwa. Bi Zuhura alikaa mbele, Fundi katikati akiwa ameshika bomba, mimi kwenye sanduku pamoja na Bwana Karatasi, nahodha nyuma. Hakuna aliyeongea ila mashine. Milima ya Ukinga ilikuja ikawa mikubwa mpaka ukalazimika kuinua shingo. Pale Matema mlima hauishii ufukweni. Unaingia majini na kuendelea kushuka.

Tulipofika sehemu ile nahodha alipunguza mashine. Bi Zuhura akaja akachuchumaa karibu na sanduku. Nilimwonyesha mstari, nikamwambia hii ndiyo chini ya ziwa. Aliukodolea macho. Ulikuwa unashuka. Tukaenda mbele kidogo, ukashuka zaidi, ukawa hafifu, ukawa nukta, kisha sindano ikaendelea kupita kwenye karatasi bila kuandika kitu. Karatasi ikawa inatoka nyeupe. Bwana Karatasi alizungusha vifundo vyake vyote. Akasema polepole kwamba mtambo huu hauna nguvu ya kufika huko. Akasema anasikitika, na nilimwamini.

Bi Zuhura alichukua ule mkanda mweupe ukiwa unatoka, akauweka kwenye kiganja chake. Nilidhani atalia. Aliufuata kwa macho tu, kama anausoma.

Fundi ndiye aliyesema. Hakuliachia bomba wala hakugeuza uso. "Mama," alisema, "lile tundu la mashua ya Bwana Athumani nilitoboa mimi."

"Najua, Fundi. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyewaletea chai."

Maji yalikuwa yanagonga ubao.

"Nikuulize," akasema Bi Zuhura. "Tundu lile lilikuwa zima?"

"Siku ya mwisho nilipoliona mimi, lilikuwa kavu. Baada ya hapo sijui. Kila siku najiuliza, na sijui."

Mimi nilitazama miguu yangu. Kisha Bi Zuhura akasema, "Nimekukwepa miaka hii yote nikidhani wewe unajua, na siku nikikuona usoni nitajua na mimi. Kumbe tuko wawili tusiojua."

Ndipo Fundi aligeuka akamtazama. Nahodha akazima mashine. Bi Zuhura alijifunika kichwa vizuri, akainua viganja, akamsomea mumewe na mabaharia wake dua. Bwana Karatasi alivua kofia, Fundi na mimi tukavua zetu. Mashua ikawa inazunguka polepole peke yake juu ya maji yale. Alipomaliza, aliuachia ule mkanda wa karatasi, akajishika kwenye bega la Fundi ili arudi mahali pake, naye Fundi akalisogeza bega lile ili liwe karibu.

Wakati wa kurudi Bi Zuhura alimuuliza Fundi mashua mpya ya ukubwa ule ingechukua muda gani. Fundi akasema inategemea mbao, na akaanza kumweleza habari za mbao, mvule wa wapi ni mzuri na wa wapi hupasuka, akaongea mpaka tukafika Mwaya. Mimi sikuwahi kumsikia akiongea kiasi kile, wala nahodha.

Utafiti ulipokwisha tulifungua kibano. Kwenye ukingo palibaki alama ya rangi iliyopauka ambapo ngozi ilikuwa imeshika, basi. Bwana Karatasi alipanda lori na sanduku lake. Tukaijenga ile mashua mpya, na sijapata kuwa na miezi kama ile. Asubuhi tulianza kabla jua halijachoma, mke wa Fundi akileta ndizi za kuchemsha na chai. Bi Zuhura alikuwa akishuka kila mara, akaketi kwenye gogo, akabishana na Fundi juu ya upana wa mbele. Alikuwa anajua mashua kuliko alivyojionyesha. Fundi alikuwa akikataa kwa maneno na kurekebisha kwa tezo. Jioni tulikwenda kuoga sote wanaume, na yeye Fundi, mwenye viganja vile, hakujua kuogelea. Alisimama mpaka maji yakamfika kifuani, akatazama milima.

Siku ya kuishusha majini aliniambia mimi nilale kifudifudi ndani yake na kusikiliza. Niliweka sikio kwenye mbao, nikanusa mafuta na mvule mbichi, na huko nje niliwasikia Fundi na Bi Zuhura wakisubiri jibu langu. Nilichelewa kidogo kuwajibu. Sikutaka kuinuka.

Baada ya hapo nikaitwa Iringa, kwenye karakana ya magari na mitambo ya barabara. Huko nilioa, nikakaa miaka mingi, kisha nikarudishwa Mbeya mlikonikuta. Nilifunga mitambo mingine ya samaki, kwenye boti za bati na za plastiki, yote bila kutoboa, na kila mara mkubwa fulani aliniuliza kwa nini najisumbua. Nilikuwa nasema ni mazoea. Mwaya nilifika mara chache, kwa siku mbili tatu, na kila mara nilimkuta Fundi na kazi mkononi. Mara moja nilimkuta Bi Zuhura amepitia hapo, wanakunywa chai wakinung'unikia bei ya mbao kama watu wa nyumba moja.

Taarifa ya msiba wa Fundi ilinifikia nikiwa njiani kwenda kazi ya Madibira. Nilipofika Mwaya walikuwa wamekwisha kumzika chini ya migomba ya kwake. Bi Zuhura alikuwa ameketi mkekani pamoja na mjane, ameshinda hapo toka siku ya kwanza. Tulikaa pamoja mchana wote. Tulipokuwa tunaagana aliniuliza, "Mbena, ukistaafu utarudi kuishi ziwani?"

Nilimwambia nitarudi. Nilisema kweli, nilikuwa nimeshachagua hata mahali.

Bi Zuhura naye amekwisha kufariki. Mke wa Fundi alihamia kwa binti yake, na kile kibanda kimeliwa na mchwa. Mimi niko Mafinga kwa wakwe, wajukuu wako hapa, na kiunzi cha nyumba kimesimama tayari. Mke wangu huniambia niende hata kwa wiki moja nikaone. Ananijua. Namwambia nitakwenda kiangazi, na kiangazi kikifika ninapata geti la kutengeneza.

Asubuhi za baridi ukungu hushuka hapa ukafunika misonobari yote, na bonde lililo chini ya shamba letu hugeuka kuwa jeupe na tulivu, lisilo na ng'ambo. Mimi husimama pale na kikombe cha chai. Jua likishakolea miti huanza kutokeza ncha zake mmoja mmoja, nami hugeuka nikaenda kuwafungulia kuku.